Karani Aliyeandika Jina Lake kwenye Pasi ya Mwingine

Habari ilinikuta nimepiga magoti, mikono imejaa unga wa muhogo mpaka viwikoni. Mchuuzi wa chumvi, ambaye hupita kwetu Mahurunga kila baada ya wiki mbili, alitua mzigo wake, akapumua, akasema, "Bibi, yule mpiga pasi wa Mikindani, aliyekuwa karani wenu hapa mtoni, tumemzika jana alasiri." Kisha akaniuliza kama nataka chumvi. Nikanunua chumvi ambayo sikuwa na haja nayo. Ninyi mnaosoma ukurasa huu tangu siku darasa letu la kisomo lilipopewa nafasi gazetini mnanijua: sina elimu, herufi nimezijua nikiwa na mvi kichwani. Nilichojaliwa ni kukumbuka majina. Nipe jina la mtu mara moja, na la mama yake, na la kijiji alichotahiriwa, nitakurudishia baada ya miaka thelathini bila kupunguza. Lakini leo sitaandika jina hata moja. Wa Mikindani watamtambua marehemu kabla hawajafika nusu ya habari hii, na hao ndio ninaotaka wanisome mpaka mwisho.

Alikuja kwetu mwaka ule vita vya uhuru vya ng'ambo ya mto vilipopamba moto, watu wakawa wanavuka Ruvuma kwa mitumbwi, wengine na vyungu vyao vichwani, wengine bila hata nguo ya kubadili. Serikali ilijenga kibanda kando ya maji, ikaweka meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, ikamleta karani na askari mgambo mmoja. Karani alikuwa kijana wa watu wa pwani, mwembamba, mwenye adabu, na alikuja na sanduku la nguo na pasi ya mkaa. Tulimcheka. Nani anapeleka pasi ya mkaa mahali ambapo watu wanalala chini? Lakini kila asubuhi, kabla mtumbwi wa kwanza haujafika, alikuwa amekwisha kunyoosha shati lake. Askari mgambo, mtu wa huku bara asiyejua kunyamaza, alikuwa akimzunguka na kumkagua: "Bwana Karani, shati lako limenyooka kuliko njia ya Newala!" Naye humjibu bila kuinua kichwa, "Mtu aliyevuka mto usiku kucha anastahili kupokelewa na mtu aliyenawa uso." Mimi nilidhani ni maringo ya watu wa Mikindani. Baadaye nikaelewa kwamba ilikuwa heshima.

Yeye ndiye aliyenifundisha neno moja la Kizungu, na kwa miaka mingi ndilo pekee nililolijua. Neno lenyewe ni pasi. Mtasema, bibi, hilo ni Kiswahili. Nami nilisema hivyo hivyo. Siku moja mvua imetufungia kibandani, hakuna mtumbwi unaothubutu, nikamwuliza kwa nini karatasi anayoandika inaitwa kwa jina la chombo cha kunyooshea nguo. Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Mama, hilo ni neno la Kiingereza, na Waingereza wanalitumikisha kama punda. Karatasi ya ruhusa ni pasi. Mtoto akishinda mtihani, amepasi. Ukimpita mtu njiani, neno ni hilo. Ukimpa mwenzako mpira, umempasia." Askari akadakia kutoka mlangoni, "Hapo umesema! Jana mpirani nilimwambia mwenzangu nipasie, akanitazama kama ng'ombe." Karani akaendelea: kilima chenye njia katikati, pasi, wakati ukisonga, neno ni lile lile, hata mtu akifa, wakitaka kusema kwa upole, husema amepita. "Na ile ya mkaa?" nikamwuliza. Akafikiri. "Hiyo sijui, Mama. Sikuisoma popote. Huenda sisi wenyewe ndio tuliibatiza." Nilipenda jibu lile. Makarani wengi niliowaona maishani hawajui kusema sijui.

Askari naye alikuwa na lake. Kila mtumbwi ulipogusa mchanga, alisimama na kupaza sauti, "Pasi na pasi, hapiti mtu!" akifurahia kwamba Kiswahili chetu cha zamani nacho kina pasi yake, ile ya kukosa. Watu waliochoka walimwangalia wasielewe. Mwanzoni tulicheka, kisha tukaacha.

Sasa niwaeleze kazi yangu pale, maana hapo ndipo penye mzigo wa habari hii. Waliovuka hawakuwa na karatasi. Karani wa pwani angejuaje kama huyu ni mkulima anayekimbia mabomu au ni mtu aliyetumwa kuja kutazama tunapolala? Ikaamuliwa kwamba kila anayeingia awe na mdhamini wa upande huu. Na kwa kuwa watu wa kingo zote mbili za mto ni ndugu, na mtoto kwetu ni wa ukoo wa mama yake, swali likawa moja: mjomba wako nani? Mtu akishamtaja mjomba wake, umemjua yeye, umeijua nyumba yake, umejua hata visima wanavyochota. Karani akanitandikia mkeka pembeni ya meza. Mgeni akitaja, karani hunigeukia, nami husema namjua au simjui. Nikisema namjua, muhuri unagonga. Askari akanipa jina la Bibi Daftari. Nisidanganye, lilinivimbisha kichwa. Mimi ambaye wakati ule sikujua hata herufi ya mwanzo ya jina langu, nilikuwa nimekaa kando ya meza ya Serikali, na mdomo wangu ndio ulikuwa muhuri kabla ya muhuri.

Siku ninayoisema, ndege zilisikika ng'ambo tangu alfajiri. Hatukuziona, tulizisikia tu, kisha ardhi ikatikisika kidogo chini ya mkeka. Na siku hiyo hiyo alikuwa amefika ofisa kutoka mjini, kwa sababu mahali fulani kando ya mto alikamatwa mtu mwenye pasi ya uongo. Ofisa hakukaa. Alisimama nyuma ya karani, mikono mgongoni, akatuambia, "Kuanzia leo, atakayedanganya neno moja anarudi kwenye mtumbwi wake. Sijali ana mtoto, sijali analia." Karani alisema, "Ndiyo, Ndugu Ofisa," na nikaona shingo yake ikikakamaa ndani ya ile kola iliyonyooka.

Mtumbwi wa tatu ulimleta mwanamke mmoja aliyembeba mtoto mchanga mgongoni. Kanga yake aliifunga kichwani mpaka kwenye nyusi. Mguu wa mtoto ulikuwa umefungwa majani, na harufu ilitosha kutuambia ni wa kuungua. Karani alimpa kiti. Akamwuliza mjomba wake ni nani, na mwanamke, kwa Kimakonde cha ng'ambo, akamtaja mtu mmoja. Mtu huyo nilimjua. Nilimjua, na baba yake, na dada zake wawili. Na nilijua kwamba wale dada wawili hawakujaliwa mtoto wa kike. Basi kabla karani hajanigeukia, kabla sijaulizwa, nikasema kwa sauti iliyofika majini: "Huyo hana mpwa wa kike. Hajawahi kuwa naye."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukijikwaa kidole, unaiona damu saa ile ile. Mimi wakati ule niliona fahari. Nilidhani nimemkamata mwongo mbele ya mkubwa. Yule mwanamke alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Ofisa akasema, "Umesikia, Karani. Mrudisheni." Askari alikwenda kumshika mkono.

"Ngoja," karani akasema. "Hata anayerudi lazima fomu yake ijazwe, Ndugu Ofisa. Kuna mahali pa alama za mwili." Akaanza kuandika, polepole, herufi moja moja, kama mtu anayechonga. Kisha akamwomba mwanamke kwa upole afunue kichwa. Kanga ikashuka. Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote, wembe wa juzi au jana yake, ngozi bado nyeupe.

Hapo nikaelewa. Mpwa aliyenyolewa namna ile amefiwa na mjomba wake. Na kwao, kama ilivyokuwa kwetu zamani, mjomba akifa wapwa zake hawalitaji jina lake mpaka matanga yaishe. Humtaja aliyesimama mahali pake. Marehemu anapozikwa, wapwa zake huhamia kwa mrithi wake, wakawa wake kama aliowazaa dada yake mwenyewe. Mwanamke hakudanganya hata kidogo. Alijibu kama alivyofundishwa na mama yake. Mimi nilijua majina yote, ila sikujua kwamba wiki ile majina yalikuwa yamehama. Nikatazama chale za mashavuni mwake nikaujua mpaka ukoo. Ningeweza kumtaja yule aliyekufa pale pale.

Karani hakujua maana ya kichwa kile; mila hiyo si ya kwao. Lakini alijua kutazama nyuso, na aliuona wangu. Akanigeukia. "Mama," akasema, "hiki kichwa kina neno?"

Ofisa akawahi. "Bibi, fikiri vizuri kabla hujajibu. Kama leo umekosea, basi wote waliopita kwa mdomo wako itabidi waitwe warudi tuanze upya." Na kati ya wote hao alikuwemo binti wa dada yangu, tumbo kubwa, aliyevuka mwezi uliotangulia na kulala kwangu. Nikamwona akipandishwa mtumbwini. Nikauona na mkeka wangu ukikunjwa, na watu wakicheka, Bibi Daftari kurasa zimechanika. Vyote viwili vilikuwemo, wasomaji wangu, hofu na kiburi, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa na nguvu zaidi. Nikasema, "Sijui."

Karani alinitazama kidogo tu. Akaiweka ile fomu kando, akavuta kitabu cha pasi, akaandika. Ofisa akainama juu ya bega lake. "Unaandika nini? Mdhamini wake nani?"

"Mimi."

"Wewe unamjua mwanamke huyu?"

"Simjui. Namdhamini. Kanuni inataka mkazi wa upande huu, Ndugu Ofisa. Haijasema awe wa kabila gani."

"Kwa dhamana ya kazi yako?"

"Kwa kazi yangu."

Muhuri ukagonga. Sikuwahi kuusikia ukigonga kwa sauti kubwa namna ile. Akaikausha karatasi kwa kuipulizia, akampa mwanamke kwa mikono miwili, akamwonyesha njia ya zahanati.

Wiki haikuisha, barua ikaja. Alifunga sanduku lake, akachukua pasi yake ya mkaa, akatuaga mmoja mmoja kwa kushikana mikono. Mimi aliniaga kama anavyoagwa mama.  Niliendelea kukaa kwenye mkeka ule na karani mwingine kwa miezi mingi, na kuanzia siku ile nilikuwa nikimtazama mtu kichwa kabla sijasikia jina.

Kwao Mikindani hakupata kazi ya kalamu tena. Akafungua kibanda karibu na soko, akawa ananyoosha nguo za watu. Mji una midomo. Wakasema, karani wa pasi amekuwa mpiga pasi, wakacheka. Lakini kicheko kilikuwa na mkia. Ilisemekana alifukuzwa kwa sababu alimpitisha mwanamke aliyekuwa hawara yake, kwamba bei ya ile pasi ilikuwa ni mwanamke mwenyewe. Na yule maskini, ambaye mtoto wake alipona na akapata shamba juu ya kijiji chetu, kila mavuno alikuwa akitembea na kapu la mpunga mpaka Mikindani kwenda kumshukuru. Watu wakamwona akiingia na kapu, wakasema, si hilo? Shukrani yake ikawa ushahidi. Na mwaka huu, baada ya kwao kupata uhuru, amerudi ng'ambo. Hayupo wa kujisemea.

Nilikwenda kibandani kwake mara moja tu. Nilipeleka kanga ambayo haikuhitaji kunyooshwa. Aliinyoosha vizuri, akaikunja. Nikasema, "Mwanangu, ile siku ya mtoni..." Akapuliza makaa, akatabasamu. "Mama, nilisahau kukwambia. Wazungu wana namna nyingine ya kulitumia neno letu. Jambo likishatokea, husema liache lipite. Liache lipite." Nilirudi Mahurunga mwepesi kama niliyetuliwa mzigo. Nilijiambia nimesamehewa, habari imekwisha. Niliyaacha maneno yake yanitoshe kwa sababu yalinifaa mimi.

Nimekuwa nikifikiri juu ya neno hilo tangu mchuuzi aondoke. Neno moja, na linabeba mpira, mtihani, nguo, ruhusa, mauti na msamaha, wala halilalamiki. Tumeingia zama za karatasi, na sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe leo nawafikieni kwa karatasi. Zamani mtu alijulikana kwa watu, sasa anajulikana kwa muhuri, na vijana huona kwamba muhuri hauna upendeleo. Lakini siku ile karatasi haikumjua yule mwanamke, na mtu aliyewekwa pale ili amjue, yaani mimi, alimkana. Alipitishwa na mmoja asiyemjua ila aliyekubali kuumia kwa ajili yake. Hakuna kanuni niliyoisikia mpaka leo inayoweza kumwandikia mtu awe na moyo huo.

Nilipanda lori nikaenda kwenye hitima. Nyumba ilijaa, wanaume barazani, sisi ndani. Dua ilipokwisha, kabla chakula hakijatolewa, nilisimama mlangoni, mahali ambapo pande zote mbili zingenisikia. Mwanamke mmoja alinivuta kanga, "Bibi, kaa, unatafuta nini?" Nikasema natafuta wanaume wanyamaze. Wakanyamaza, nadhani kwa mshangao. Nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, tangu mtumbwi mpaka muhuri. Nikasema: mwanamke yule hakuwa hawara wa mtu, alikuwa na mtoto aliyeungua, na mwongo wa siku ile ni mimi. Sauti ikatoka nyuma ya baraza, nzito kwa uzee: "Ni kweli. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemshika mkono." Alikuwa yule askari mgambo. Naye alikaa Mikindani miaka yote hiyo, akisikia yanayosemwa, akinyooshewa nguo zake kwenye kibanda kile kile. Wazee waliokuwa mbele yake walianza kutazama viatu vyao.

Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, haruhusiwi kuinuka kuja kwangu, kwa hiyo mimi nilikwenda kwake. Nilitegemea machozi au matusi, na vyote nilikuwa tayari kuvipokea. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, kila mwaka yule mwanamke alipokuja na kapu lake, nilimwuliza mume wangu: kwa nini ulimsimamia usiyemjua? Alinijibu jibu moja tu. Aliniambia, kwa sababu aliyemjua alinyamaza." Akanitazama. "Nilimwuliza ni nani huyo, akakataa kunitajia mpaka amekwenda. Kumbe ni wewe. Na mimi miaka yote hii nilidhani amelibuni hilo ili nisimwulize zaidi."

Basi alijua kwamba siku ile nilijua. Alijua tangu pale mezani, na aliponiambia liache lipite alikuwa akinipa kilicho chake, naye alikuwa na haki ya kutoa. Mimi sikuwa na haki ya kukichukua na kwenda nacho nyumbani, huku mke wake akilala kila siku na shaka. Nimejifunza nikiwa bibi kizee, na nawaachieni wenye umri wa kulitumia: ukimwumiza mtu kwa neno ulilolisema mbele za watu, usiende kumwomba radhi nyuma ya kibanda chake. Nenda ukaseme pale pale, wakusikie wale wale. Na ukiona haya kusimama, ujue kwamba haya hiyo haikuzaliwa leo. Kuna mwenzako ambaye ameivaa kwa niaba yako miaka yote.